Silabi za Cherehani

Tangu utotoni alikuwa hakai kitako. Akila, anakula amesimama. Akiongea na simu, anazunguka mpaka waya unamfunga miguu. Na wewe ukianza kumwambia jambo, kabla hujafika katikati keshakumalizia sentensi, na mara nyingi siyo hiyo uliyotaka kusema. Nyumbani walimwita Kiguu, wakifupisha kiguu na njia, na jina likamganda hata kazini, kwenye ghala la vipuri vya matrekta, alikokuwa mtu pekee aliyejua kuelewana na kompyuta.

Kompyuta za siku hizo zilikuwa na akili ya kuku. Skrini ya kijani, kibodi nzito kama tofali, na kumbukumbu ndogo ambayo leo haitoshi hata picha moja ya harusi. Programu ya orodha iliyokuja na mashine ilikubali vitu mia tisa tisini na tisa, basi. Ghala lilikuwa na aina elfu moja mia nne. Muuzaji alipoulizwa, alisema hakuna njia. Kiguu alizunguka chumba siku mbili, watu wakawa wanampisha tu, kisha akaigawa orodha kwenye diski mbili, na kwenye nafasi ya mwisho ya diski ya kwanza akaandika kipuri ambacho hakikuwa kipuri: jina lake lilikuwa WEKA YA 2. Karani akikosa kitu, orodha yenyewe inamwambia pa kwenda. Programu ikakataa majina yenye herufi zaidi ya kumi. Yeye akang'oa irabu zote. Kichujio cha mafuta kikawa KCHJCHMFT, na haukupita mwezi makarani wakawa wanaitana kwa lugha hiyo kaunta nzima.

"Huyu binti," meneja alipenda kuwaambia wageni, "ukimfungia mlango anapita dirishani. Ukiziba dirisha anaanza kuangalia paa."

Nyumbani mambo hayakuwa na dirisha.

Baba yake alikuwa ametangaza mpira redioni miaka ishirini na sita. Mtaani walimwita Cherehani, kwa jinsi maneno yalivyomtoka bila kukatika, mshono mmoja tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Watu walisema ukisikiliza mechi kwa Cherehani unarudi nyumbani umechoka kama umecheza. Kiharusi kilimpata bafuni, asubuhi, nusu ya ndevu zikiwa zimenyolewa na nusu bado. Alipotoka hospitali baada ya miezi mitatu, sauti ilikuwa imekwenda na mwili umelala. Kilichobaki kinamtii ni kidole gumba cha mkono wa kulia, nacho kwa shida. Macho yalipepesa yenyewe, yakitaka yasitake, kwa hiyo ile mbinu ya kupepesa mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana ilikuwa ramli tupu.

Hapo ndipo kila mtu alipopata Baba wake. Mama alikuwa na Baba anayependa dirisha liwe wazi. Jirani alikuwa na Baba anayependa kuombewa. Kaka, mtoto wa kwanza, mpima ardhi katika mji ulio mwendo wa saa tano kwa gari, alikuwa na Baba aliyekubali kuhama.

Alipiga simu Jumatano jioni. "Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kumchukua," alisema. "Kwangu hakuna ngazi. Hospitali ya mazoezi ya viungo ni kuvuka barabara tu. Ninyi mko ghorofa ya pili, kumshusha tu ni shughuli ya wanaume wanne."

"Baba hataki kuondoka," Kiguu alisema. Waya wa simu ulikuwa umeshamzunguka mara mbili.

"Umejuaje?"

"Najua."

"Mimi nilimwuliza nilipokuja. Akapepesa mara moja."

"Kaka, hata ukimwuliza kama yeye ni dirisha atapepesa mara moja!"

Kaka hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kelele. Ugomvi naye ulikuwa kama kusukuma kabati. "Mdogo wangu," alisema mwishowe, "Jumamosi nakuja."

Usiku ule Kiguu hakupata usingizi wa maana, na asubuhi alifika kazini kabla mlinzi hajafungua geti. Chini ya ngazi za ghala palikuwa na kompyuta ya kwanza ya ofisi, iliyowekwa kando mpya ilipokuja, imefunikwa gunia. Alimngoja meneja mlangoni, akahama mguu huu na mguu huu, na hata salamu hakuimaliza.

"Naomba ile ya chini ya ngazi. Siku tisa."

"Ya nini?"

"Nataka baba yangu aseme."

Meneja alimtazama, akatazama mashine. Alikuwa mtu wa taratibu, lakini ujana wake wote alikuwa akimsikiliza Cherehani. "Ichukue," alisema. "Ila ipo kwenye orodha ya mali. Irudi."

Kazi aliyoiona kichwani ilikuwa nyepesi: herufi zipangwe kwenye skrini, mwanga upite juu yake moja baada ya nyingine, na Baba abonyeze ukifika anapotaka. Jioni hiyohiyo aliandika programu, amepiga goti moja kwenye kiti na mguu mwingine uko chini, tayari kuondoka. Ijumaa akampachika Baba kibodi mapajani, akamshika gumba akalilaza juu ya kitufe kirefu.

Haikufanya kazi. Kwanza, ile amri ya kumwuliza mtumiaji jibu ilisimamisha kila kitu. Mashine ikishauliza, inakaa inangoja, na mwanga nao umeganda. Haikujua kungoja huku inatembea. Kiguu akaiacha amri hiyo, akatumia nyingine inayotazama kibodi mara moja na kuendelea na safari. Mwanga ukatembea. Lakini gumba la Baba likishashuka halikunyanyuka haraka, na kibodi ile ilikuwa na tabia ya kurudia herufi usipoachia kitufe. Baba alitaka M moja, zikaja kumi na nne, na nyingine zikawa zimepanga foleni ndani ya mashine zinamwagika hata baada ya kuachia. Skrini nzima ikanguruma MMMMMM kama ng'ombe.

"Mpumzishe," Mama alisema kutoka mlangoni. "Anatoka jasho."

"Dakika moja tu, Mama."

"Hiyo dakika yako tangu saa kumi."

Jumamosi aliusoma mwongozo wa mashine toka jalada hadi jalada huku akitembea ukumbini. Upo mwishoni mwa vitabu vile ukurasa ambao watu hawaufikii, wenye anwani za vyumba vya ndani vya kumbukumbu na kinachokaa katika kila chumba. Na zilikuwepo amri mbili, moja ya kuchungulia chumba na moja ya kupachika kitu ndani. Kimoja kati ya vyumba hivyo kilikuwa na kazi ndogo sana: kukumbuka kama kitufe cha herufi kubwa kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Kiguu alisimama palepale. Kitufe cha herufi kubwa peke yake hakiandiki kitu. Kwa hiyo hakirudii kitu. Kwa hiyo hakipangi foleni. Unachungulia tu: kipo chini, hakipo chini.

Alikwenda dukani mbiombio, akarudi na kitufe cha kengele ya mlango, laini, kisichotaka nguvu. Akaifungua kibodi ya ghala, jambo ambalo meneja hakulitaja wala yeye hakuliuliza, akalehemu nyaya mbili chini ya kitufe cha herufi kubwa na ncha zake kwenye ile kengele. Akaifunga kengele kwa plasta ubavuni mwa mkono wa Baba, gumba likawa juu yake pasipo kushikiliwa. Baba alibonyeza. M ikaja, moja. Hata asipoachia, ikabaki moja.

Kiguu aliruka, akagonga kichwa kwenye rafu.

Jumapili Baba aliandika. R ilichukua muda, mwanga unatambaa toka A kama mtu anayehesabu ngazi. Kisha E.

"Redio!" Kiguu alisema. "Anataka redio, Mama!" Akaiwasha, akapandisha sauti, akapata mpira, akamsogezea sikioni. Baba alifumba macho. Kiguu alipogeukia skrini mwanga ulikuwa umesimama. Haukuganda kwa amri safari hii. Mashine nzima ilikuwa imezimia, haisikii kitufe wala kibodi. Sekunde thelathini, arobaini. Kisha, kama mtu aliyepitiwa na usingizi mkutanoni, ikazinduka na kuendelea. Baba alikuwa ameshaacha kubonyeza. Alitazama ukuta, na hakurudi tena siku hiyo.

Kuzimia kule kulimkosesha raha siku mbili nzima. Kulikuja bila ratiba, na kila alipoijaribu mwenyewe kwa maandishi marefu, kulirefuka nako. Kazini alikosea orodha mara mbili. Alisimama mlangoni pa choo cha ofisi akafikiri mpaka mtu wa ndani akagonga atoke. Siku zilikuwa zinakwisha, na Mama, ambaye hakuwa amesema lolote juu ya kuhama, alikuwa ameanza kukunja nguo za Baba mbili mbili na kuziweka kitandani.

Jumanne, saa ya chakula, ndipo alipoona. Kila Baba alipoongeza herufi, mashine haikuiongeza kwenye neno la zamani. Iliandika neno jipya zima pembeni, na lile la zamani ikaliacha limetupwa. RE ikiwa REG, zile RE zimelala humo humo ndani kama maganda. Kumbukumbu ikijaa maganda, mashine inaacha kila kitu na kufagia. Kule kuzimia ni kufagia. Na hakuna amri ya kuiambia isifagie.

Basi isipewe takataka. Kiguu aliinuka, akaacha chakula chake kwenye dawati.

Maneno ya Baba yasikae ndani kabisa. Skrini yenyewe nayo ni sehemu ya kumbukumbu. Kila herufi unayoiona kwenye kioo ina chumba chake na namba yake. Akaipachika kila herufi moja kwa moja kwenye kioo, na programu ikitaka kujua Baba ameandika nini, inachungulia kioo na kusoma kama sisi tunavyosoma. Kilichoandikwa kikawa ndicho kilichohifadhiwa. Na alipokuwa huko akagundua kwamba ukiongeza mia moja ishirini na nane kwenye namba ya herufi, inageuka, kijani inakuwa kiza na kiza kinakuwa kijani, ukiipunguza inarudi. Kwa hiyo hata mwanga unaotembea haukuhitaji kuchorwa upya. Programu ikapungua nusu. Mwanga ambao zamani ulitambaa ukawa unateleza. Tangu siku hiyo mashine haikuzimia tena.

Lakini bado ilikuwa A mpaka Z. Jumanne jioni Baba aliandika tena R na E, akakosea iliyofuata, akakosea tena, na gumba likachoka. Mama alikuwa amekaa kitandani kati ya marundo ya nguo.

"Kwani lazima aende herufi moja moja?" aliuliza.

"Ndivyo kompyuta ilivyo, Mama."

"Mimi sijui kompyuta. Lakini wewe mwenyewe hukufundishwa hivyo kusoma. Nilikufundisha ba be bi bo bu hapo mezani, tena ukiwa umesimama."

Kiguu aligeuka akaitazama skrini upya.

Programu ile, mashine ile, mwongozo ule, vyote vilitengenezwa na watu ambao maneno yao yanasomwa herufi kwa herufi. Ya Baba hayakuwa hivyo. Ya Baba yalikwenda kwa silabi, na silabi zina mstari na safu: konsonanti upande, irabu juu. Mwanga ushuke kwanza kwenye mistari. Baba akibonyeza, uanze kwenda upande. Akibonyeza tena, silabi nzima inatua. Mara mbili tu na una "nda", ambayo kwa herufi ilikuwa safari tatu ndefu.

"Mama, wewe!" alisema, akamshika mashavu. "Sasa nataka kujua zipi zinatumika sana, ili zikae juu."

Mama alichukua gazeti la juzi, penseli, na daftari la shule lisilomalizika. Jumatano nzima na Alhamisi nusu, alipokuwa hamgeuzi Baba wala hamlishi, alikaa na gazeti na kupiga vijiti: mstari wa K, mstari wa N, mstari wa W. Alimaliza kurasa tatu. Kiguu aliporudi alikabidhiwa daftari kama ripoti ya mtihani.

"K ndiyo imeongoza," Mama alisema. "Halafu N na W zinafukuzana. Na usisahau kuna M na N zinazojitegemea, kama kwenye mtu na nchi. Hizo nimeziweka pamoja na irabu."

Alhamisi jioni, jua likiwa bado dirishani, meza ya silabi ikawaka. Kiguu alimweleza Baba mara moja, haraka, akaanza kueleza mara ya pili, na Mama akamshika mkono anyamaze. Mwanga ulishuka. Baba alingoja ukapita mara moja wote, akiuangalia kama mtu anayejifunza mwendo wa basi kabla ya kudandia. Ulipopita mara ya pili, alibonyeza.

RE.

GE.

ZA.

Kiguu aligeukia redio, kisha akagundua kwamba si redio na haijawahi kuwa redio. Mwanga ukaendelea. M. KA. NDA.

REGEZA MKANDA.

Mama ndiye aliyeelewa. Alifunua shati la Baba. Ule mkanda wa kitambaa uliomfunga kwenye kiti asianguke, aliofungwa na mtu wa hospitali siku aliyorudi na ambao wao walikuwa wakiurudisha kwenye tundu lilelile kila asubuhi kwa miezi mitano, ulikuwa umemchora mfereji mwekundu ubavuni. Mama aliufungua, akakaa chini sakafuni na mkanda mkononi. Hakulia kwa sauti. Kiguu alitoka nje ya chumba, akarudi, akatoka tena, akarudi na maji ya uvuguvugu na kitambaa.

Jumamosi Kaka alifika saa nne asubuhi na gari lenye kiti cha mbele kinacholala, na wanaume watatu aliowaomba chini mtaani. Alimsalimia Mama, akamwinamia Baba akamgusa paji la uso. Akaona mashine.

"Hii nayo?"

"Mwulize mwenyewe," Kiguu alisema. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kati ya Kaka na kiti, kama beki wa mwisho. "Umesema alikubali. Haya, ana mdomo sasa. Mwulize mbele yangu."

Kaka alivuta kigoda akakaa usawa wa macho ya Baba. "Mzee," alisema kwa upole, "unataka kubaki hapa, au twende kwangu?"

Wale wanaume watatu walikuwa wamejazana mlangoni. Mwanga ulishuka. Gumba likashuka.

NI.

"Nibaki!" Kiguu alisema. "Umeona?"

"Ngoja," Kaka alisema.

A.

"Nia..."

CHE.

"Niache! Niache hapa! Si nimekwambia, Kaka? Anasema mmwache hapa, sasa unataka nini..."

Mwanga haukuwa umesimama. NI, ikaja. MA. Kiguu alikuwa bado anaongea. LI. ZE.

NIACHE NIMALIZE.

Mmoja wa wanaume mlangoni alikohoa kicheko. Kaka aliinamisha uso, mabega yakamtikisika. Kiguu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakaa kwenye kiti bila kuambiwa.

Wote wakangoja. Ilikuwa dakika tano, labda sita, na kwa Kiguu zilikuwa ndefu kuliko miezi yote ile. Aliuma kucha. Aliikalia mikono. Silabi zilitua moja moja na kila moja alikuwa na neno lake tayari kwenye ulimi, na kila moja ilikwenda kwingine.

MGONGO WA MAMA UNAVUNJIKA. NIENDE.

"Mgongo gani?" Mama alisema mara moja. "Nani kakwambia mgongo unaniuma? Sijasema mimi."

NASIKIA.

Kitanda cha Mama kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa chumba kile, na ukuta ulikuwa wa mbao. Kila asubuhi kabla ya kuja kumgeuza, Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akauma shuka ili asisikike. Alidhani hasikiki.

Kiguu alitazama ile skrini aliyoijenga. Aliijenga impe ushindi. Alikuwa amejiona akimwonyesha Kaka jibu, Kaka akigeuza gari, ngazi zikibaki kimya. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake kikamilifu, na alitamani kuing'oa kwenye umeme.

"Baba," alisema. "Mimi nitamgeuza. Asubuhi kabla ya kazi, na mchana narudi, nitaomba ruhusa, na..."

Baba alimtazama tu. Kiguu akaacha.

"Sasa kwa kuwa mmeshakubaliana ninyi watatu," Mama alisema, "kuna aliyeniuliza mimi?"

Walimgeukia. Kweli, hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mama aliinama, akavuta begi chini ya kitanda. Lilikuwa limefungwa tayari.

"Tangu Jumanne," alisema. "Zile nguo mlizoniona nazikunja zilikuwa mbili mbili, zake na zangu. Mlidhani namfungia mume wangu safari abaki analishwa na mkwe? Nitakaa mpaka nione analishwa inavyotakiwa. Mgongo nao utapumzikia hukohuko, watu wa kubeba wapo."

Baada ya hapo mambo yakawa mbio, na mbio Kiguu aliziweza. Alishuka na kupanda zile ngazi mara tisa. Alibeba dawa, godoro dogo, mto. Aliifungua mashine nyaya zote, akaizungushia mablanketi, akaipakia nyuma kabla mtu hajamwambia. Alimfundisha Kaka kwa robo saa, amesimama kando ya gari: diski inaingia hivi, usiiweke juu ya spika, sumaku itaifuta, kitufe usikibane sana, na daftari la Mama lisipotee. Kaka aliandika kila kitu kwa mwandiko wa mpima ardhi, kwa namba.

"Na akiwa anaandika?" aliuliza.

"Akiwa anaandika unakaa kimya," Kiguu alisema.

Kaka alimwangalia usoni, hakucheka.

Nyumba ilibaki na sauti ya jokofu. Jumapili alifagia vyumba vyote, akasogeza kabati, akalirudisha. Jumatatu alimfuata meneja.

"Mashine haitarudi leo," alisema. "Imeondoka na Baba. Kibodi niliifungua pia. Nikatwe mshahara."

Meneja alivua miwani. "Alisema nini?"

Kiguu akamwambia, yote, pamoja na lile la kuambiwa anyamaze. Meneja alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafungua daftari la mali, akatafuta mstari wa kompyuta ya kwanza, na pale panapoandikwa kifaa kilipo akaandika kwa kalamu: kipo kazini.

Kiguu alikwenda kwa Kaka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, kwa basi la alfajiri, na dirishani alihesabu kila nguzo. Alimkuta Mama amelala mchana kweupe kwenye kiti cha uwani, jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani. Baba alikuwa sebuleni na Kaka, wanabishana. Kaka alikuwa amesema jambo fulani juu ya kocha fulani. Jibu la Baba lilikuwa limefika katikati ya skrini na bado linaendelea, na Kaka amejishika kidevu, anangoja akatwe maini.

Baba alipomwona Kiguu, aliiacha hoja ya kocha pale ilipo. Akateremka mstari mpya.

ONGEZA MWENDO.

"Niongeze?" Kiguu alisema.

Mwanga ukarudi juu. Kiguu alisimama nyuma ya kiti, mikono ameifunga nyuma, akasubiri kama kuna neno zaidi. Lilikuwepo.

NALALA NIKINGOJA.

Alifungua programu, akaipitia kwa kidole toka juu. Hakukuwa na pa kukata. Kila mstari ulishabanwa. Pakabaki sehemu moja: katikati alikuwa ameweka mashine ihesabu kimya mpaka mia tisa kabla ya kusogeza mwanga, haina kazi nyingine, ni kumpa Baba muda tu. Alifuta mia tisa akaandika mia sita. Baba alijaribu, akakosa, akakosa tena. Kiguu akaandika mia saba.

Mwanga ulishuka kwa kasi. Gumba likabonyeza, na silabi ikatua palepale ilipotakiwa. Kaka alisogeza kigoda karibu, kwa sababu hoja ya kocha ilikuwa inarudi.